Kabla ya Kununua Kiwanja, Uliza Shule Iko Wapi

Ukipita Chanika kuelekea Zingiziwa, au ukitoka Mbande kwenda Msongola, mabango ya viwanja yamejaa barabara nzima. Yanataja umeme, maji, umbali kutoka lami na utaratibu wa kulipa kidogo kidogo. Shule hutajwa mara chache, na ikitajwa ni kwa maneno ya "huduma zote za jamii zipo". Sisi tunaofanya kazi ya mipango miji tunaomba maneno hayo yaulizwe maswali, kwa sababu gharama yake huja kulipwa na mtoto aliyekaa sakafuni katika darasa la watoto zaidi ya mia.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Hiyo ni nyongeza ya watu takribani milioni moja ndani ya miaka kumi, na wengi wao wamejenga au kupanga pembezoni mwa jiji, ambako miaka ishirini iliyopita kulikuwa na mashamba ya mihogo na mikorosho.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na mwananchi yeyote anaweza kuifanya. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa darasa moja. Tuseme eneo limepimwa viwanja 1,000 na kila kiwanja kimetoa mtoto mmoja tu wa shule ya msingi. Watoto hao 1,000 wanahitaji madarasa 23. Hiyo ni zaidi ya shule nzima ya mikondo mitatu, darasa la kwanza hadi la saba, yenye madarasa 21, na bado hujagusa awali. Vyoo navyo vina kiwango chake: tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Kwa hiyo shule hiyo inahitaji matundu 45 au zaidi.

Lakini nani amesema kiwanja kimoja ni familia moja? Mwenye nyumba wa Dar es Salaam akishahamia anajenga banda la uani lenye vyumba vitatu au vinne, apangishe, apate fedha ya kumalizia dari na vigae. Kila chumba kina kaya, na kaya ina watoto. Wengine hukata kiwanja vipande viwili wakauza kimoja. Mchoro unaonyesha makazi ya familia 1,000, kumbe baada ya miaka kumi kuna familia 2,500. Makadirio yanayohesabu viwanja pekee yatapungukiwa daima, na kwa maoni yangu hapa ndipo tunapokosea zaidi kuliko mahali pengine popote.

Jambo jingine ni muda. Mtu ananunua kiwanja leo, anajaza msingi mwaka kesho, anapaua miaka mitatu baadaye, kisha anahamia nyumba ikiwa haijapigwa plasta. Watoto hawaji siku moja. Wanaanza wachache, wanatembea hadi shule ya kijiji cha zamani iliyo jirani, na kwa miaka kadhaa hakuna anayelalamika. Halafu Januari moja uandikishaji wa darasa la kwanza unafurika, mwalimu mkuu anagawa zamu mbili, na saa sita mchana watoto wa asubuhi wanapishana getini na wa mchana. Kipindi hicho cha ukimya ndicho kilichofaa kujenga. Dalili zilikuwepo: vibali vya ujenzi, maombi ya umeme TANESCO, maunganisho ya maji DAWASA. Halmashauri ikizisoma kwa pamoja kila mwaka, itajua mtaa gani utafurika miaka mitatu kabla haujafurika.

Fedha za madarasa zimekuwa zikija. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 uandikishaji uliruka nchi nzima. Mwaka 2021, mkopo wa UVIKO-19 ulielekezwa kujenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama. Ila darasa linahitaji ardhi ya kusimama. Katika mitaa iliyojengwa kiholela na kuja kurasimishwa baadaye, eneo la shule huwa halipo tena. Ili kulipata, inabidi kuwalipa fidia watu wenye nyumba, na fidia ya ekari tatu inaweza kuzidi gharama ya madarasa yenyewe. Ndiyo maana baadhi ya shule za jiji sasa zinajengwa kwa ghorofa, na ghorofa hizo zinapunguza kiwanja cha mpira mwaka hadi mwaka.

Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza 2002 na kufika maeneo kama Kibada, Tuangoma na Bunju, ulikuwa na ubora mmoja ambao tusiusahau: mchoro ulitangulia mauzo, na maeneo ya shule yalitengwa humo. Kutenga hata hivyo hakutoshi. Eneo la shule lisilo na uzio wala hati ya halmashauri huanza kulimwa mchicha, likaja kuwekwa banda, kisha likauzwa.

Basi kabla hujatoa malipo ya kwanza, omba kuuona mchoro wa mipango miji uliopitishwa. Karatasi ya kampuni yenye rangi haitoshi. Tafuta humo kiwanja cha shule, nenda ukikanyage na uone vigingi vyake. Kisha fika kwa mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya ardhi ya halmashauri, uulize kama kina hati na kwa jina la nani. Kama mtoto atavuka barabara kuu, au atasubiri alfajiri daladala ambayo konda hataki abiria wa nauli ya mwanafunzi, ujue mapema.

Mitaa mipya ina sababu ya kuharakisha mwaka huu. Mtaala mpya ulianza 2024 na elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita 2027, mwaka huohuo ambao waliowatangulia wanamaliza la saba. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Kata isiyo na eneo la sekondari leo iuchukue mchoro wake na kulitafuta kwenye vikao vya mtaa vya robo hii, kabla viwanja vilivyobaki havijapata wanunuzi.