Kwa nini CNC haiwezi kuchonga kona kali ya ndani?

Chukua kipande cha fremu ya dirisha la alumini uchungulie ndani yake. Kona zake ni kali, pande mbili zimekutana sawasawa. Sasa mpelekee fundi wa CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, pale Industrial Area, Nairobi, mchoro wa kasha la alumini lenye kona kama hizo. Atautazama kidogo, kisha akuambie: "Mkubwa, hizi kona hazitoki hivi. Ziviringe kidogo."

Wengi hudhani mashine yake ni duni. Sivyo. Mashine nzuri huifuata kompyuta kwa usahihi wa sehemu ya mia ya milimita. Fremu ya dirisha haikuchongwa: alumini ilipashwa moto ikalainika, ikasukumwa kwa nguvu kupitia tundu lenye umbo la fremu. Kasha lako litachongwa na kisu kinachozunguka, na kitu kinachozunguka hufagia duara. Kisu cha kipenyo cha milimita 6 kikifika konani huacha mviringo wa nusu kipenyo chake, yaani milimita 3. Kona ya nje haina shida, kwa kuwa kisu hupita kando yake tu.

Basi si atumie kisu chembamba? Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Bana rula ya plastiki ukingoni mwa meza na uisukume ncha yake. Ikitokeza kidogo haisogei; ikitokeza sana inayumba. Kisu nacho ni vivyo hivyo, hata kikiwa cha kabidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma. Kwa nguvu ile ile, ukirefusha kisu mara mbili kitapinda mara 8 zaidi. Ukipunguza kipenyo kutoka milimita 6 hadi 2 bila kubadili urefu, kitapinda mara 81 zaidi. Kisu kilichopinda huacha ukuta ulioinama na wenye mawimbi, au hukatika humo humo ndani. Ili kukiokoa, fundi hukata utando mwembamba baada ya mwingine, na wewe unalipia saa za mashine. Ndiyo maana mafundi hupendelea shimo ambalo kina chake hakizidi mara tatu au nne ya kipenyo cha kisu.

Kuta nazo zina kiwango chao. Alumini hupinda takriban mara tatu zaidi ya chuma, kwa hiyo ukuta wa chini ya milimita 1 hukikimbia kisu kikipita, kisha hurudi mahali pake ukiwa mnene kuliko ulivyochorwa. Isitoshe, alumini hunata. Bila kipozeo, yaani majimaji ya kupoza kisu, vipande vidogo vinavyokatwa huganda kwenye makali ya kisu na uso wa kazi unachubuka.

Kuna jambo jingine ambalo wachoraji wachache hulifikiria, nalo ni hali ya hewa. Kipande cha alumini cha milimita 100 hurefuka kwa takriban milimita 0.035 joto likipanda nyuzi 15. Asubuhi ya Julai na alasiri ya Februari hapa Nairobi zinaweza kupishana kiasi hicho. Kwa kasha la kawaida hilo si kitu, lakini tundu la kukalia beringi litalegea au litabana. Kwa hiyo andika vipimo vikali pale tu panapovihitaji. Ukidai usahihi wa sehemu ya mia kila mahali, utatozwa bei ya kila mahali.

Nakusihi uongee na fundi kabla ya kumaliza mchoro, maana kona kali zina dawa. Zinaweza kuchomwa kwa mashine ya cheche za umeme, ingawa ni ghali, au kumaliziwa kwa tupa na mkono mvumilivu. Ukikubali mviringo, uchore mkubwa kidogo kuliko nusu kipenyo cha kisu, mathalani milimita 3.5 kwa kisu cha 6, ili kisu kipinde kona kikitembea badala ya kusimama na kutetemeka. Na kama kinachoingia ndani ya kasha ni bodi ya saketi yenye ncha kali, mwambie fundi achimbe kijishimo cha duara katika kila kona, kipite kidogo mstari wa kuta. Ncha nne za bodi zitaingia humo, na bodi italala bapa.