Mama wa mtoto njiti ana maziwa ya kutosha kuanzia

Imani kwamba mama aliyejifungua kabla ya wakati hana maziwa, au kwamba maziwa yake ni mepesi mno kumkuza mtoto, imedumu miaka mingi na imewanyima watoto wengi kinga. Si kweli. Matiti huanza kutengeneza dang'a, yaani maziwa ya kwanza, tangu katikati ya ujauzito, na kwa wiki za mwanzo maziwa ya aliyejifungua mapema huwa na protini nyingi kuliko ya aliyetimiza miezi yake.

Tatizo la mwanzo huwa ni uwezo wa mtoto kunyonya. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio hukomaa karibu na wiki ya 32 hadi 34 ya ujauzito. Kabla ya hapo hulishwa kwa mrija, au kikombe akiweza kumeza. Akina mama wengi huona matone machache siku ya kwanza wakakata tamaa, na hilo huniuma, kwa sababu njiti huanza na matone hayo hayo. Kukamua kuanze mapema, ndani ya saa chache baada ya kujifungua, mara 8 au zaidi kwa saa 24, usiku ukiwemo. Kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, husaidia maziwa kuongezeka.

Watoto wadogo sana, hasa walio chini ya kilo 1.5, huenda wakahitaji virutubishi vya ziada vinavyochanganywa ndani ya maziwa ya mama. Kiasi chake hupangwa na wahudumu wa wodi, na mama huendelea kukamua kama kawaida.