Chambo cha koyote kwenye theluji: maneno ya mtaani na hali halisi

Ukipita nyumba ya jirani hapa Maine, Marekani, mwezi Januari, ukaona nje ndoo ya lita 20 imejaa mifupa, mafuta na mapande ya nyama, kisha imemiminwa maji na kuachwa igande, usianze kumsema mwenyewe. Anatengeneza chambo cha kumvutia koyote, mnyama mwitu wa jamii ya mbwa, ili amwinde. Sisi tunaozungumza Kiswahili huku Lewiston na Portland, wengi tukiwa tumetokea Kongo, Burundi na Rwanda, tuliijua ndoo hiyo kabla ya kumjua mnyama. Chai ikishamiminwa kila mtu ana lake la kusema juu yake. Mimi siwindi. Nilikaribishwa na mfanyakazi mwenzangu mara tatu katika kibanda anachoviziamo koyote, nikarudi vidole vya miguu havina habari, na tangu hapo nimekuwa nikisoma.

"Koyote ni mbweha wa Kizungu"

Umbo lake linadanganya, nakubali. Lakini kwa nasaba yuko karibu na mbwamwitu wa Ulaya na Marekani kuliko bweha mwenye mgongo mweusi wa Serengeti. Jina lenyewe limetoka kwa wasemaji wa Kinahuatl wa Mexico, waliomwita coyotl. Na huyu wa kwetu ana mchanganyiko wake: koyote walipokuwa wakisambaa kutoka nyanda za magharibi kuja upande huu, walizaliana na mbwamwitu na hata na mbwa, na damu hiyo imo mpaka leo. Wa magharibi ni nadra kuvuka kilo 15. Wa huku hufika 18 na kuzidi. Maine waliingia miaka ya 1930. Leo wako majimbo yote ya Marekani isipokuwa Hawaii.

Kuna wanaoamini pia kwamba baridi ikizidi analala kama dubu. Halali. Anayelala ni dubu, na hiyo ndiyo sababu mojawapo chambo cha nyama kinafaa majira ya baridi: yule ambaye angekuja kukibeba chote usiku mmoja yuko pangoni anakoroma.

"Chambo maana yake sumu"

Hofu hii naielewa, kwa sababu tumetoka nayo nyumbani. Kenya, mizoga iliyotiwa karbofurani, dawa ya kuua wadudu shambani, imeua simba na tai wengi. Marekani nako kulikuwa na mambo ya aina hiyo: serikali yenyewe iliwahi kusambaza mizoga yenye sumu kwa ajili ya koyote, mpaka Rais Nixon alipozuia sumu hizo katika ardhi ya serikali kuu mwaka 1972. Ila ndoo ya jirani haina sumu. Kazi yake ni kumfanya mnyama asimame mahali panapojulikana. Anayewajua wawindaji wa kitalii wa Tanzania amewahi kusikia habari za chui anayetundikiwa paja la pundamilia juu ya mti. Ni mbinu ileile, tofauti ni theluji.

"Ni uwindaji wa wavivu: mwaga nyama, keti, piga"

Hapa nitakaa kidogo, maana hata mimi nilikuwa nasema hivyohivyo.

Chambo huanza kuwekwa wiki kadhaa kabla ya mtu kuketi na bunduki. Koyote ana mzunguko wake, anapita sehemu zake kwa zamu, na kwanza inabidi mahali pale paingie kwenye ratiba yake. Kikiisha ukachelewa kuongeza, anapafuta. Mwenzangu alikuwa akitoka kazini saa kumi jioni, giza linaingia, anavuta kijisleji, kigari cha kuteleza juu ya theluji, chenye ndoo mbili msituni, theluji magotini, mara mbili kwa wiki. Uvivu gani huo?

Wa kwanza kufika ni kunguru, wale wakubwa weusi tii wa kaskazini. Mgeni huwafukuza akidhani wanamwibia. Mzoefu huwashukuru, kwa sababu kelele zao ndizo tangazo. Koyote anajua kunguru wakikusanyika pana kitu kimekufa. Hata hivyo kunguru wakiachiwa vipande vilivyolegea, watavimaliza kwa siku moja. Ndiyo maana ya barafu. Mfupa uliotupwa tu, koyote anaudaka na kwenda kuula kichakani, umemwona kwa sekunde tano. Uliogandishwa ndani ya donge inabidi augugune palepale.

Halafu upepo. Kibanda cha mwenzangu kiko kama mita 80 kutoka kwenye chambo, kina dirisha dogo na jiko la gesi la kupashia mikono moto, lakini hakifai kitu upepo ukivuma kutoka kwetu kwenda kwao. Koyote haji moja kwa moja kwenye nyama. Anazunguka kwanza mpaka apate upepo unaotoka kwenye chambo, ananusa, anasikiliza, ndipo anaamua. Usiku ambao upepo ni mbaya hauketi, hata kama umeomba ruhusa kazini kwa ajili yake.

Baridi nayo ina mipaka. Watu hudhani kadiri inavyokuwa kali ndivyo njaa inavyowaleta. Kuna ukweli ndani yake, lakini nyama iliyoganda kabisa haitoi harufu ya kutosha, na usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri pua hazina cha kufuata. Wengine hupaka mafuta ya samaki kwenye miti ya karibu. Miezi bora ni Januari na Februari, wakati chakula kimeadimika na pia msimu wa kujamiiana umefika, kwa hiyo wanatembea sana na kulia sana. Usiogope ukisikia kundi la kumi linalia nyuma ya nyumba. Huenda ni wawili. Sauti zao hubadilika haraka, zikagonga miti na kurudi, mpaka sikio linakosa hesabu.

Mimi usiku wa kwanza sikuona kitu. Wa pili, mbweha mwekundu na kunguru mmoja aliyechelewa kulala. Wa tatu, mbalamwezi juu ya theluji, kweupe kiasi cha kusoma gazeti, koyote alitokea ukingoni mwa msitu, akasimama nusu nyuma ya mti kwa muda ambao niliona kama saa nzima, kisha akageuka. Mwenzangu hakufyatua. Hakuona kifua chote, akasema. Asubuhi tulifuata nyayo: wengine wawili walikuwa wamekaa nyuma yake muda wote, na hatukuwajua.

Wanaokitetea chambo wana hoja moja nzito: mnyama aliyesimama akila unamtambua kabla ya kupiga. Maine kuna mbwa wa watu, na kuna linksi, paka mwitu wa kaskazini anayelindwa na sheria ya serikali kuu tangu mwaka 2000. Kwenye giza hilo si jambo dogo.

"Mzoga wowote unafaa"

Katika dhana zote, hii ndiyo inayonitia hasira, kwa sababu anayelipa si mwindaji wala koyote. Farasi au ng'ombe aliyedungwa sindano na daktari wa mifugo afe bila maumivu ana pentobabitali mwilini, na dawa hiyo haiondoki kwa kuganda. Tai wenye kichwa cheupe wanaokula mzoga huo hulegea na kufa palepale; mbwa nao. Kulungu aliyepigwa risasi ya risasi, yaani ya madini ya risasi, huwa na chembe ndogo zilizotawanyika mbali na jeraha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwapima tai 1,210 kutoka majimbo 38 ya Marekani, na karibu nusu yao walikuwa na dalili za kudhuriwa na sumu ya madini hayo kwa muda mrefu. Si wote walikula chambo, maana matumbo ya kulungu yanayoachwa porini yanatosha kabisa. Lakini ukiweka rundo la nyama majira ya baridi, umewaita tai pia, utake usitake. Mabaki ya buchani ni salama zaidi, na bucha nyingi hufurahi kuyaondoa.

"Wakiwindwa sana watakwisha" na ndugu yake, "ukiua mmoja wanazaliwa wawili"

Zote mbili zina chumvi. Watafiti wa California walipiga hesabu mwaka 1975: ili koyote waishe ingebidi kuua robo tatu yao kila mwaka, kwa karibu miaka 50. Hakuna jirani mwenye ndoo za kutosha. Wakipungua, watoto wanaobaki hupata chakula zaidi na wengi hupona, majike huzaa mapema, na vijana kutoka kwingine huja kujaza nafasi. Pengo linazibika, lakini hakuna uchawi wa mmoja kugeuka wawili.

Je, kulungu wanaokolewa? Inategemea wapi na lini. Theluji ikiwa nene na juu imeganda utando, koyote anatembea juu yake na kulungu anazama kwa kwato zake. Pale kulungu wanapojibanza chini ya misonobari mwishoni mwa baridi, kuondoa koyote wachache kunaweza kusaidia kwa msimu huo. Idara ya wanyamapori ya Maine imewahi kulipa wawindaji kwa kazi hiyo maalumu. Ndoo ya nyuma ya nyumba mwezi Desemba, mbali na kulungu yeyote, ni kitu kingine, na kwa macho yangu inalisha vinywa vingi kuliko inavyopunguza.

"Ngozi italipa gharama"

Zamani kidogo, labda. Manyoya ya koyote yalikuwa yakishonwa pembezoni mwa kofia za makoti ya bei mbaya, lakini Canada Goose, kampuni ya makoti hayo, ilitangaza mwaka 2021 kwamba inaacha. Tena Februari, mwezi mtamu wa kuwinda, nywele zimeanza kusuguka na ngozi imeshuka thamani.

"Koyote hana sheria"

Mchana anawindwa mwaka mzima, ndiyo. Usiku ni kuanzia Desemba 16 hadi Agosti 31, kwa kibali cha ziada juu ya leseni, na Jumapili bunduki inabaki ndani kama ilivyo kwa uwindaji wote Maine. Ardhi ya mtu inahitaji adabu ya kubisha hodi. Mwezi Aprili theluji ikiyeyuka, yote uliyoyamwaga tangu Desemba yatalala wazi na kunuka, na mbwa wa mwenye shamba atakuwa wa kwanza kuyarudisha sebuleni. Mwenzangu huenda na reki na mifuko wiki ambayo njia inaanza kuonekana. Mwaka jana alichelewa siku nne, na mwaka huu anatafuta shamba jingine.