Mbira haijapotoka, na msinitume niinyooshe

Kazi yangu ni kuchanganya sauti, na wateja wangu wengi wanatunga foki ya saikedeliki, yaani muziki wa kiasili wenye sauti za kindoto: gitaa, mbira (ala ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole) au sitari (ala ya nyuzi ya Kihindi), na mto au vyura waliorekodiwa porini, vyote ndani ya wimbo mmoja. Muziki huu naupenda kwa dhati. Ndiyo maana nimechoshwa na ujumbe unaoambatana na karibu kila faili: "Hiyo ala imepotoka sauti, halafu inakwaruza. Naomba uisafishe."

Haijapotoka. Imetofautiana na gitaa lako tu. Gitaa limeigawa oktava, yaani umbali kutoka noti moja hadi noti ya jina hilohilo juu yake, katika hatua 12 zilizo sawa, na huo ni mpango mmoja kati ya mingi. Mafundi wa mbira wa Washona, Zimbabwe, hawana kipimo kimoja kinachowafunga wote. Mbira za mafundi wawili zinaweza kupishana waziwazi na zote zikawa sahihi. Gamelan ya Bali, Indonesia, kundi la ala za shaba za kugongwa, ndiyo imezidi: ala zake hutengenezwa kwa jozi, moja ikipandishwa kidogo kuliko mwenzake kwa makusudi. Noti ikilia kwa hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 huku na hezi 307 kule, sikio linapata mipigo 7 kwa sekunde, na sauti inatetemeka kama kitu chenye pumzi. Ukiniambia nizivute zote mbili zifike 300, umeniambia niizime.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba mteja huyohuyo, kwenye wimbo unaofuata, ananiomba niweke korasi kwenye sauti yake ya kuimba ili ielee. Korasi ni nakala ya sauti iliyocheleweshwa kidogo na kuyumbishwa kidogo, basi. Mwaka 1966 Ken Townsend, fundi wa studio za Abbey Road, alibuni njia ya kuifanya sauti ya mwimbaji isikike maradufu kwa mashine ya pili ya tepu ambayo mwendo wake uliweza kuyumbishwa, na mbinu hiyo ikaenea sana katika muziki wa saikedeliki wa Uingereza. Yaani mnataka niongeze kwa mashine kilekile mnachotaka nikifute kwenye ala za shaba.

Kukwaruza nako kuna wenyewe. Itazame mbira kwa karibu: kwenye ubao, chini ya ndimi za chuma, na mara nyingi kwenye ukingo wa kibuyu pia, kuna vifuniko vya chupa au magamba ya konokono yaliyofungwa kwa kulegea. Yamewekwa hapo ili yavume. Mpigaji wa tanpura, ala ya nyuzi ya Kihindi inayomsindikiza mwimbaji, hupitisha uzi mwembamba wa pamba kati ya waya na daraja linaloubeba, akausogeza kidogokidogo mpaka waya uanze kuvuma. Mvumo huo ndio unaozitoa harmoniki za juu, zile sauti ndogo zilizomo ndani ya noti moja, ambazo mwimbaji anazifuata. Programu ya kuondoa kelele haijui hayo. Mtunzi anapaswa kuyajua.

Basi, ligeuzeni gitaa liifuate mbira. Kukaza na kulegeza nyuzi 6 ni kazi ya dakika chache. Halafu pigeni nyuzi wazi, au telezesheni kipande cha chuma juu yake, maana freti, vile vijiti vya chuma vya shingoni, zitawarudisha kwenye zile hatua 12.

Wapo wanaodhani sauti za mazingira ni pambo la mwisho. Wimbo umekwisha, ndipo napelekewa mvua iliyopakuliwa mtandaoni nizibie pengo. Mwaka 1948 Pierre Schaeffer, mtunzi Mfaransa, alitunga kipande kizima kwa sauti za treni alizorekodi katika stesheni ya Batignolles, Paris. Treni zenyewe ndizo mdundo. Anzeni na rekodi: dakika 10 bila kusema neno, maiki imevikwa manyoya ya kuzuia upepo, vilele vya sauti visipite desibeli -12 kwenye kipimo cha kinasa. Sikilizeni vyura wanaitikiana kwa mwendo gani kabla hamjashika ala yoyote.

Mwangwi mwingi nao hauleti usaikedeliki. Unaficha ubovu wa mpangilio. Hisia ya muda hubadilishwa na noti moja iliyoshikiliwa muda mrefu, na mchoro unaojirudia huku ukigeuka taratibu. Kuhusu dawa za kulevya, ambazo wengi huzihusisha na neno saikedeliki, jibu ni fupi: hazihitajiki. Kupatanisha ala tatu zenye tuni tatu kunadai akili iliyotulia.

La mwisho, rekodi za kiasili eti hazina mwenyewe. Wimbo unaweza usiwe na mtunzi anayejulikana, lakini sauti iliyorekodiwa ni ya mtu. Mwaka 1992 kundi la Deep Forest lilitumia bembelezo lililoimbwa na Afunakwa wa Visiwa vya Solomon, likavuma duniani huku wasikilizaji wengi wakidhani linatoka Afrika ya Kati. Hugo Zemp, mtafiti wa muziki aliyeirekodi sauti hiyo, alilalamika hadharani. Nitumieni jina la aliyeimba, mahali, na ruhusa ya maandishi pamoja na faili. Bila hivyo sichanganyi.