Southwold na pabu zake: dhana potofu za wanaopanga safari ya bia ya pipa

Southwold ni mji mdogo wa pwani ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Wakazi wake wa kudumu ni kama elfu moja tu, lakini wikiendi ya Agosti utadhani kuna harusi ya waziri. Katikati ya mji kuna kiwanda cha bia cha Adnams, na siku wanayochemsha kimea harufu yake hutangulia kukupokea kabla hujaiona bahari. Kwa hiyo watu hupanga mizunguko ya pabu, yaani baa za Kiingereza: leo hii, kisha ile, mpaka mji uishe. Waswahili wanaoishi London na Leicester nao wameanza kuulizana habari za safari hiyo, na katika maulizo hayo kuna mambo yanayorudiwa kama ukweli na si ukweli. Msimamo wangu nautoa mapema: panga matembezi kwanza, pabu utazikuta njiani.

"Treni inakufikisha mjini"

Ilikuwa inafika. Reli nyembamba kutoka Halesworth ilifunguliwa mwaka 1879, na treni zake hazikuruhusiwa kuzidi kilomita 26 kwa saa, mwendo ambao kijana mwenye baiskeli nzuri angeushinda. Ilifungwa mwaka 1929, na tangu hapo Southwold haina stesheni.

Leo unapanda treni London Liverpool Street hadi Ipswich, unabadili kwenda njia ya Lowestoft, unashuka Darsham au Halesworth, halafu basi au teksi. Hapo kwenye basi ndipo mipango mingi huvunjika. Mabasi ya vijijini Uingereza hulala mapema, na Jumapili huenda usipate kabisa. Usitegemee kusimama barabarani ukapunga mkono, maana hakuna bodaboda wala daladala ya mwisho inayosubiri ijae. Teksi ya kurudi stesheni iwekewe oda kabla hujatoka nyumbani, au lala huko huko.

Na gari? Kiwango cha kisheria England ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Wapo wanaokaa kupiga hesabu ya painti ngapi, yaani glasi kubwa za Kiingereza, zinatosha kukaa chini ya hapo. Hesabu hiyo haipo, kwa kuwa miili haifanani. Mwenye usukani anywe soda, basi.

"Kila pabu ina bia yake"

Huu ni mtego kwa anayekuja na orodha akidhani ataonja bia kumi za viwanda kumi. Uingereza kuna utaratibu wa zamani wa kiwanda kumiliki pabu: anayeiendesha hupanga kwa kiwanda, naye huuza bia za kiwanda hicho. Southwold ni mfano wake mzuri kuliko miji mingi. Lord Nelson iliyo karibu na ukingo wa bahari, Sole Bay Inn iliyo chini ya mnara wa taa, Red Lion inayotazama uwanja wa South Green, hoteli ya Swan sokoni: zote utakuta bomba za Adnams.

Adnams wenyewe walikuwa ndugu wawili, George na Ernest, walionunua kiwanda cha Sole Bay mwaka 1872. Biashara haikumkaa George. Kwa simulizi ya kampuni yenyewe, alikwenda zake Afrika na huko akaliwa na mamba. Ernest akabaki na kiwanda. Sijui kama kuna kampuni nyingine ya bia duniani yenye mamba katika historia yake, lakini hii inaye.

Sasa kama bia ni zile zile, kwa nini uzunguke? Kwa sababu Southwold Bitter, bia ya Adnams, ya Lord Nelson na Southwold Bitter ya mtaa wa pili huweza kutofautiana kabisa, na sababu iko ghalani chini ya sakafu. Hilo linatuleta kwenye dhana kongwe kuliko zote.

"Bia ya Waingereza ni ya moto, tena imekufa"

Aliyezoea kuambiwa "baridi au ya moto?" na kujibu "baridi sana" atashtuka akipewa glasi isiyo na jasho. Lakini bia hiyo si ya moto. Ale ya pipa, ndiyo bia hii ya Kiingereza, hutunzwa kwenye ghala lenye nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi, na inatolewa hivyo kwa makusudi. Ubaridi wa nyuzi 3 au 4 huutia ulimi ganzi, na ladha ya kimea na hopsi, maua machungu yanayotiwa kwenye bia, haisikiki. Lager, aina ya bia tuliyoizoea nyumbani, inastahimili ubaridi huo, hii haistahimili.

Kuhusu kufa, ni kinyume chake. Bia ya chupa au ya mtungi wa gesi mara nyingi huchujwa na kupitishwa kwenye joto, hamira ikatulia moja kwa moja. Ale ya pipa hutoka kiwandani ikiwa na hamira hai ndani, ikaendelea kuchacha ghalani. Gesi unayoisikia mdomoni imetengenezwa na hamira hiyo, ndiyo maana ni laini na haichomi. Mwenye pabu hulaza pipa, hulitoboa kwa kigingi laini lipumue, husubiri litulie, kisha huivuta bia kwa pampu ya mkono iliyo kaunta. Hakuna gesi inayoisukuma.

Ili tope la hamira lizame chini, viwanda vingi tangu zamani hutia ute unaotokana na kibofu cha hewa cha samaki. Wavuvi wa sangara Ziwa Victoria wanakijua vizuri kiungo hicho, ndicho wanachokiita mabondo na kukiuza kwa bei inayozidi ya minofu. Ute huo huzama pamoja na tope, kwa hiyo humezi samaki, lakini rafiki yako asiyekula kitu chochote cha mnyama aambiwe mapema. Siku hizi baadhi ya viwanda wameuacha.

Pipa likishafunguliwa, hewa inaingia, na siku zake njema ni kama tatu. Baada ya hapo bia huanza kuchoka. Hivyo ushauri wa maana kuliko orodha yoyote ni kufuata pabu yenye watu, kwa kuwa pipa lake haliozei njiani. Pampu ikiwa sita na wateja wawili, ogopa. Ukipewa glasi inayonuka siki, irudishe kwa adabu: "samahani, nadhani hii imefika mwisho." Watakubadilishia bila kununa, mwenye pabu anayejiheshimu anashukuru kuambiwa.

Na povu? Kusini na mashariki mwa England povu ni jembamba. Ukipewa glasi iliyojaa hadi ukingoni, hujapunjwa.

"Nyeusi ndiyo kali"

Rangi hutokana na jinsi kimea kilivyokaangwa. Ukali ni habari nyingine. Southwold Bitter ina rangi ya shaba na asilimia 3.7 tu ya pombe. Ghost Ship, nayo ya Adnams, iliyo nyepesi kwa rangi ina 4.5, na Broadside yenye wekundu wa giza ina 4.7 ikiwa ya pipa, ingawa ile ya chupa hupanda hadi 6.3. Linganisha na nyumbani: Tusker 4.2, Kilimanjaro 4.5, Safari 5.5. Anayekunywa Safari mbili Kariakoo hana cha kuogopa rangi.

Jina Broadside lina kisa chake. Mei 1672 meli za Waholanzi chini ya amiri wao De Ruyter ziliwavamia Waingereza na Wafaransa waliokuwa wametia nanga katika ghuba hii ya Sole. Bia hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1972, miaka 300 baadaye, na jina lake ni mpigo wa mizinga yote ya ubavu mmoja wa meli kwa pamoja.

Cha kuogopa ni kipimo. Painti ni mililita 568, wakati chupa yetu kubwa ni 500. Painti nne ni karibu chupa nne na nusu, na wewe ulidhani umekunywa nne. Agiza nusu painti, mililita 284. Ile habari kwamba mwanamume akiagiza nusu anachekwa imepitwa na wakati, na kwenye mzunguko wa pabu ndiyo njia pekee ya kufika ya mwisho ukiwa na kumbukumbu.

"Asiyekunywa hana la kufanya huko"

Pabu ya Kiingereza inafanana na baraza kuliko inavyofanana na baa ya mtaani kwetu. Bibi anakunywa chai, mtoto anakula chipsi, mbwa amelala chini ya meza na mwenyewe anasoma gazeti. Soda na kahawa zipo. Ghost Ship ina aina ya asilimia 0.5, inayomfaa dereva. Ila anayejiepusha kwa dini aelewe kuwa 0.5 si sifuri, achague soda au maji ya ndimu.

Tena Southwold ina jengo lililojengwa mahsusi kushindana na pabu. Kwenye ukingo wa mashariki kuna Chumba cha Kusomea cha Mabaharia, kilichofunguliwa mwaka 1864 na mjane wa nahodha ili wavuvi wapate mahali pa kukaa mbali na ulevi. Kingali wazi, kuingia ni bure, na ndani kuna picha za wazee wa bahari na vinyago vya meli. Mimi ningekiweka katikati ya mzunguko, baada ya Lord Nelson iliyo hatua chache tu kutoka hapo. Pabu hazikufungwa, lakini kupumzika humo kwa nusu saa bila glasi mkononi kunasaidia kuliko watu wanavyokiri.

"Kaa tu, mhudumu atakuja"

Hatakuja. Unakwenda kaunta, unaagiza, unalipa pale pale, mara nyingi kwa kadi. Foleni haionekani lakini ipo kichwani mwa mhudumu, anajua nani alitangulia. Usipige makofi, usiite "wewe!", usifanye "psst". Simama aone uso wako. Bahashishi ya kinywaji haitarajiwi.

Raundi mnaijua, inafanya kazi vile vile. Kundi la watu sita likiingia kwenye raundi, limeshajifunga painti sita kila mmoja, kwa hiyo semeni mwanzoni kwamba kila mtu anajilipia. Na chukua kitambulisho hata kama una miaka thelathini: umri wa kisheria ni 18, lakini wahudumu hufundishwa kumwomba kitambulisho yeyote anayeonekana chini ya 25, na ngozi zetu zinawadanganya.

"Mji mdogo, hakuna cha kupanga"

Ndani ya mji ni kweli, kutoka Swan hadi Red Lion ni dakika chache kwa miguu. Njiani utapita viwanja vya majani vilivyoachwa wazi baada ya moto ulioteketeza mji mwaka 1659, ili moto mwingine usiruke nyumba hadi nyumba. Lakini pabu nzuri kuliko zote kwa macho yangu haziko hapo. Ziko upande wa mto Blyth.

Unatoka mjini, unakatiza malisho ya wazi hadi bandari ndogo ya Blackshore, penye vibanda vyeusi vya mbao vinavyouza samaki. Huko kuna Harbour Inn. Ukutani kuna alama ya kimo cha maji ya mafuriko ya usiku wa Januari 31, 1953, yaliyoua watu pwani yote ya mashariki, watano kati yao hapa Southwold. Simama mbele yake uitazame, kisha utazame mto ulivyo chini. Kutoka hapo unavuka daraja la miguu lililo mahali pa daraja la ile reli iliyokufa, unashuka hadi kijiji cha Walberswick, penye Anchor na Bell. Kurudi unapandishwa mashua ya makasia inayovusha watu mto, kazi iliyoshikwa na familia moja kwa vizazi.

Mzunguko huu ndio unaohitaji saa. Mashua haifanyi kazi majira ya baridi, hutoka mchana tu, na upepo ukiwa mkali haitoki. Jikoni za pabu hufunga: chakula cha mchana huisha mapema alasiri na cha jioni huanza saa kumi na mbili, katikati utapewa viazi vya pakiti. Juni jua linazama saa tatu na robo usiku, una mchana wa kutosha na wa kuazimisha. Disemba linazama kabla ya saa kumi kasorobo alasiri, na njia ya ng'ambo ya malisho haina taa. Anayesikia "pwani" akafunga kaptula tu naye ajue kwamba Bahari ya Kaskazini hata Agosti haizidi sana nyuzi 18. Chukua koti la upepo na viatu visivyoogopa tope.

Kwa hiyo anzeni ng'ambo. Vukeni na mashua asubuhi, kuleni Bell au Anchor kabla jikoni halijafungwa, rudini kwa daraja mkipitia Harbour Inn, na pabu za mjini ziwe za jioni, karibu na kitanda. Mkifanya kinyume, mkachelewa mashua ya mwisho mkiwa Walberswick, daraja lipo, ila ni mwendo wa kuzunguka gizani kando ya mto.