Konsoli za gemu: uvumi wa vibandani Mombasa na ukweli wake

Dhana: Anayecheza kujiburudisha tu haipi kampuni faida, wanaoibeba ni magwiji.

Wii ya Nintendo ilitoka 2006 kwa dola 250, wakati PS3 (PlayStation 3) ya Sony ilianzia dola 500. Ilikuwa dhaifu kuliko PS3 kwa mbali, lakini ziliuzwa zaidi ya milioni 100, na gemu zake zikapita milioni 900. Shida ya umati huo wa wanaojiburudisha ni kwamba hauna deni na mtu. Simu zilipoleta gemu za bure wengi walihamia huko, na Wii U ya 2012 ikaishia kama milioni 13.5. Jina nalo liliiponza, kwani wapo waliodhani ni kifaa cha kuongeza kwenye Wii ya zamani. Switch ya 2017 ilirekebisha mambo: mashine moja, mtoto anaibeba mkononi, gwiji anaichomeka kwenye TV.

Dhana: Xbox Series S ya Microsoft ni Series X iliyopunguzwa bei.

Prosesa zinakaribiana, ila S ina memori ya GB 10 dhidi ya 16, na haina tundu la diski. Microsoft ilitaka kila gemu iwe na vipengele sawa kwenye zote mbili. Mwaka 2023 Baldur's Gate 3 ilichelewa kufika Xbox kwa sababu kuigawa skrini kwa wachezaji wawili kuliishinda S. Mwishowe kampuni ililegeza, gemu ikatoka Desemba bila kipengele hicho kwenye S. Kwa hiyo mwenye X naye alisubirishwa na mashine ya bei nafuu.

Dhana: Toleo la dijitali, yaani konsoli isiyo na tundu la diski, linaokoa pesa.

Linaokoa siku ya kununua tu. Bila diski hununui gemu ya mtumba, hubadilishani na jirani wa Kisauni, wala huiuzi ukiichoka. PS5 ya dijitali ya 2020 haipokei tundu la diski kabisa. Ile nyembamba ya mwisho wa 2023 inapokea, na kuliunganisha mara ya kwanza kunahitaji intaneti. Kadi ya duka la PlayStation nayo lazima ilingane na nchi ya akaunti: akaunti ya Uingereza haikubali kadi ya Marekani.

Dhana: Bila PlayStation Plus, huduma ya kulipia ya Sony, huchezi.

Wawili wenye pedi mbili mbele ya TV moja hawaihitaji. Kucheza FC, gemu ya soka ya EA, mtandaoni kunaihitaji. eFootball na Fortnite, hapana.

Dhana: Pedi ikijiendesha yenyewe, ni feki.

Hata ya kampuni hufika hapo. Chini ya kijiti kuna njia za kaboni zinazosuguliwa kila ukikisukuma, na zikilika, mchezaji wako anatembea bila kuguswa. Safisha kwanza kwa alkoholi isiyo na maji mengi, pedi ikiwa imezimwa, kisha iache ikauke. Tatizo likirudi, kijiti kibadilishwe. Hapa magwiji wamependelewa waziwazi: DualSense Edge ya 2023, pedi ya bei ya juu ya PS5, ina kijiti cha kuchomoa kwa mkono, ilhali cha DualSense ya kawaida kimechomelewa kwenye bodi kwa lehemu. Fundi ayeyushe lehemu yote kabla ya kukivuta. Akikilazimisha, hung'oa vijia vya shaba na bodi inaharibika.