Jibini ya Kusindika na Kazi Inayoiweza Jikoni

Nina miaka 14 katika kazi ya maziwa. Sita ya mwanzo niliimaliza kiwandani, nikisimamia mtambo wa kuyeyushia jibini, na iliyobaki nimekuwa nikifundisha wapishi wa hoteli hapa Unguja. Katika muda wote huo hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kuliko hili: zile chizi za pembetatu zilizofungwa kwa karatasi ya fedha ni jibini kweli, au ni mafuta yaliyogandishwa tu? Anayeuliza kwa kawaida huwa ameshatoa hukumu na anatafuta wa kumuunga mkono, kwa hiyo jibu langu humkera kidogo. Ni jibini ya kusindika, yaani jibini iliyopikwa mara ya pili kwa makusudi maalumu, na mpishi anayeyajua makusudi hayo hatapata tabu ya kuitetea wala kuidharau, maana atajua aitie katika sufuria ipi na aiepushe na tanuri lipi.

Tuanze na jibini ya kawaida inapokutana na moto. Kipande cha cheda ni wavu wa protini ya maziwa iitwayo kaseini, na katika matundu ya wavu huo yamenaswa mafuta na maji. Kinachozifunga nyuzi zake ni kalsiamu. Ukiipasha moto taratibu, wavu hulegea na jibini ikatiririka vizuri, lakini ukizidisha moto nyuzi hujikaza na kuyakamua mafuta yote nje, nawe unabaki na bonge linalotafunika kama mpira, likielea katika dimbwi la mafuta ya manjano. Jibini iliyokaa miezi mingi ikikomaa ndiyo inayoharibika upesi zaidi, na hapo ndipo wengi hulaumu jiko, sufuria au aliyewauzia.

Kiwandani tulikuwa tukilikwepa tatizo hilo kwa chumvi za kuyeyushia, ambazo hazihusiani na chumvi ya mezani. Aghalabu huwa ni sitireti au fosfeti za sodiamu. Kazi yake ni kuinyakua kalsiamu kutoka katika wavu na kuiacha sodiamu mahali pake, na sodiamu haina nguvu ya kufunga. Kaseini ikishafunguliwa hugeuka kuwa mpatanishi hodari, kwa sababu ina sehemu zinazopenda maji na sehemu zinazopenda mafuta, hivyo huvizunguka vitone vya mafuta na kuvizuia visikutane tena. Jibini iliyosagwa, maji, chumvi hizo, na mara nyingi siagi na maziwa ya unga, hupikwa pamoja huku vikikorogwa, kwa kawaida kati ya nyuzijoto 80 na 95, kisha uji huo mzito humiminwa ungali wa moto katika vifungashio vyake. Niliyekuwa nikisimama pale nilijifunza kusikiliza sauti ya mapanga ya kukorogea: uji ukianza kushika, mlio hubadilika na kuwa mzito, na ukiuacha dakika chache za ziada, jibini hutoka ngumu na yenye kukatika badala ya kuwa laini ya kupaka.

Wa kwanza kufanikiwa katika jambo hili walikuwa Waswisi wawili, Walter Gerber na Fritz Stettler, katika mji wa Thun mwaka 1911. Walitaka jibini yao ya Emmental ihimili safari ndefu na nchi za joto, na chumvi waliyoichagua ilikuwa sitireti. Nchi yao tayari ilikuwa na fondue, jibini inayoyeyushwa kwa divai, ambamo asidi za divai hufanya kazi ya jamii hiyohiyo ya kuilegeza kalsiamu, ingawa mabibi waliokuwa wakiipika hawakuhitaji mkemia wa kuwaeleza. Mwaka 1916 James Kraft, Mkanada aliyekuwa akifanya biashara Chicago, alipata hataza ya njia yake mwenyewe, na jibini yake ya mikebe ikanunuliwa na jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mfaransa Léon Bel alisajili alama ya La Vache qui rit mwaka 1921. Ukiyatazama hayo pamoja utaona kwamba joto na safari vilikuwa katika mpango tangu mwanzo, na ndiyo maana bidhaa hii imepata makazi mazuri katika nchi kama zetu. Jamaa zangu wa Maskati wakija hawakosi mikebe ya cheda ya kusindika na chupa za jibini ya kupaka katika masanduku yao, na asubuhi hutupikia mkate mwembamba wa rakhal uliopakwa jibini hiyo juu ya yai, ukanyunyiziwa chipsi za pilipili zilizopondwa. Mtu anaweza kucheka, lakini akiuonja huacha.

Somo bora kabisa nililopata juu ya matumizi yake, hata hivyo, halikutoka kiwandani. Nililipata Forodhani jioni, nikiwa nimesimama mbele ya mpishi wa pizza ya Zanzibar. Alichukua donge la unga lililolowa mafuta, akalitandaza kwa vidole juu ya meza mpaka likaonyesha rangi ya ubao ulio chini yake, akaweka kipande kidogo cha unga katikati ili chini pasitoboke. Katika bakuli alikwisha tia nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho na mayonezi. Akafungua pembetatu moja ya jibini, akaiminya kwa kidole gumba mpaka ikakatikakatika juu ya nyama, akapasua yai, akakoroga kwa haraka, akamimina, akakunja pembe nne na kuugeuza mkate juu ya chuma. Nikamuuliza kwa nini hatumii jibini ya kukwaruza, ambayo siku hizi inapatikana. Akaniambia bila kuinua macho, “Mama, ile yatoa mafuta, yai halishiki, mteja akiuma humwagikia mkononi.”

Katika sentensi hiyo moja mlikuwa na mhadhara wangu wa saa nzima. Ndani ya pizza ile kuna yai linalotaka kuganda, mboga zinazotoa maji, na ngozi nyembamba ya unga isiyovumilia majimaji. Jibini ya pembetatu haitengani inapopata moto. Hulainika, huchanganyika na yai, huyashika maji na mafuta yake, na kujaza nafasi baina ya vipande vya nyama. Cheda ingetoa mafuta na kuacha mabonge, na mozarela ingejivuta kuwa kamba upande mmoja na kuacha upande mwingine mkavu. Kwa maoni yangu, pizza ya Zanzibar ni miongoni mwa matumizi sahihi zaidi ya jibini ya kusindika popote duniani, na anayetaka kuiboresha kwa jibini ya bei kubwa ataiharibu.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa la upande wa pili. Miaka ya nyuma nilikubali kupika trei tatu za makaroni ya kuoka kwa shughuli ya harusi, na muuzaji mmoja akaniletea matofali aliyoyaita jibini ya pizza. Sikusoma maandishi ya nyuma, jambo ambalo kwa mtu wa fani yangu ni aibu tupu. Nikakwaruza, nikanyunyiza juu, nikaweka trei chini ya moto wa juu wa tanuri. Badala ya kuyeyuka na kupata rangi ya dhahabu, juu pakafanya ngozi, ngozi ikavimba malengelenge, malengelenge yakawa meusi, na chini yake punje za jibini zikabaki zimesimama vilevile nilivyozinyunyiza. Nilibandua ngozi yote kwa kisu nikafunika juu kwa chenga za mkate zilizokaangwa kwa siagi, na wageni wakala, lakini bibi mmoja aliniuliza kwa upole kama leo nimeamua kuokoa fedha.

Nilichokuwa nacho kilikuwa na mafuta ya mawese na wanga, jibini ikiwa kidogo sana. Hata hivyo, jibini halisi ya kusindika nayo isingefanya vizuri zaidi mahali pale. Mozarela huvutika kwa sababu nyuzi zake ndefu bado zimefungwa kwa kalsiamu, ilhali katika jibini ya kusindika vifungo hivyo tumekwisha vikata kwa makusudi. Maziwa ya unga yaliyomo, pamoja na sukari yake ya asili, huungua kabla ya jibini kupata ladha ya kuokwa. Kwa hiyo sitaki kuiona juu ya chakula chochote kinachoingia katika tanuri kali, na sitaki kuiona katika sahani ambayo jibini yenyewe ndiyo mlo, kwa kuwa ladha yake ni ya chumvi na maziwa tu. Ukali na harufu za ukomavu vimepotea au vimefifizwa.

Mahali pake ni ndani: ndani ya yai, ndani ya mchuzi, ndani ya mkate uliofungwa. Slesi moja juu ya nyama ya baga ikiwa bado kwenye chuma, ukifunika kwa bakuli kwa nusu dakika, hushuka pande zote kama shuka bila kutoa mafuta. Pembetatu mbili katika viazi vya kuponda huchukua nafasi ya krimu. Katika supu nzito ya maboga huitia mwishoni, moto ukiwa umeshazimwa. Wakorea wana mchuzi wao wa budae jjigae, uliozaliwa baada ya vita vyao kutokana na vyakula vya kambi za Wamarekani, nao huweka slesi ya jibini ya kusindika juu ya supu kali nyekundu. Ukali hupungua, kwa sababu kaseini hushikamana na kile kiini kinachowasha katika pilipili. Nimeijaribu hila hiyo katika mchuzi wa kamba wa tungule na pilipili mbuzi, na slesi moja ilitosha sufuria ya watu wanne. Mbili zingeua ladha ya bahari.

Lakini matumizi ninayoyapenda kuliko yote ni kuifanya msaidizi wa jibini nzuri. Chumvi za kuyeyushia zilizomo ndani yake hazifanyi kazi kwake peke yake, na ukiitia katika sosi ya cheda huilinda cheda hiyo pia isitengane. Mimi hutumia robo ya jibini ya kusindika kwa robo tatu za cheda. Gauda ya milima ya Masisi, ambayo watu wa Goma huiita tu jibini ya Goma, hufaa zaidi hata kuliko cheda ukibahatika kuipata. Maziwa yapate moto bila kuchemka, jibini ya kusindika itangulie mpaka ipotee kabisa, ndipo nyingine ifuate gao kwa gao. Ladha yote itatoka kwa jibini nzuri, na ulaini kwa ile ya bei nafuu.

Asiyetaka kabisa kununua ya kiwandani anaweza kutengeneza chumvi ya kuyeyushia mwenyewe. Kamua ndimu au limau upate mililita 60 za maji yake, uyachuje, halafu utie magadi soda, yaani ule unga mweupe laini unaouzwa kwa pakiti dukani na si magadi ya mawe. Tia kidogokidogo, maana povu litapanda sana, na usimame pale tu povu linapokoma. Kwa kiasi hicho cha maji itachukua kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Ulichonacho sasa ni maji yenye sitireti ya sodiamu ya kutosha kuyeyushia gramu 200 hivi za jibini. Ongeza mililita 100 za maziwa, pasha kwa moto mdogo, kisha tia jibini iliyokwaruzwa. Ukiwahi kutia maziwa kabla ndimu haijaisha ukali, yataganda mbele ya macho yako na itabidi uanze upya.

Wakati wa kununua, geuza pakiti. Neno la kwanza katika orodha ya viambato liwe jibini. Ukikuta maji, mafuta ya mawese na wanga vimetangulia, umeshika kitu kingine, hata kama picha ya mbele ni ya ng'ombe malishoni. Marekani, kwa mfano, hata bidhaa inayoruhusiwa kuitwa chakula cha jibini ya kusindika lazima iwe na jibini isiyopungua asilimia 51. Alama ya E331 ni sitireti, na E339, E450 na E452 ni fosfeti. Kwa mtu mwenye figo nzima alama hizo hazinitishi, lakini mgonjwa wa figo aliyeambiwa na daktari apunguze fosfeti anapaswa kuziangalia kwa makini. Kwa sisi wengine, cha kuhesabu ni chumvi: slesi moja ya gramu 20 mara nyingi hubeba karibu robo gramu ya sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 kwa siku. Ndiyo sababu mchuzi wenye jibini hii siutii chumvi mpaka niuonje mwisho.

Pembetatu ambazo hazijafunguliwa hukaa rafuni muda mrefu kwa sababu zilimiminwa zikiwa moto na kufungwa papo hapo, ila ukishatoboa karatasi ulinzi umekwisha, weka katika friji. Sosi iliyobaki nayo hulala humo siku tatu bila tatizo. Itaganda kama keki, usiogope. Rudisha kwenye moto mdogo na kijiko kimoja cha maziwa, koroga kutoka chini, itarudi ilivyokuwa.